Jinsi ya kuchagua injini ya kindege chako cha rimoti

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya kindege chake cha fomubodi (ubao mwepesi wa povu) alafu swali ni lile lile, "kaka nifunge mota gani?" Namuuliza kina uzito gani, hajui. Mabawa yana urefu gani, ananionyesha kwa mikono. Na mota kashaagiza, iko njiani inatoka China, kwahiyo kinachobaki ni kuomba Mungu iendane. Nimejibu hili swali mpaka nimechoka kuandika meseji ndefu za sauti, bora niliweke lote sehemu moja, we mgeni soma taratibu mpaka mwisho kabla hujatoa hata shilingi.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote, injini inachaguliwa MWISHO. Unaanza na uzito, unakuja betri, unakuja propela, alafu ndo injini. Kinachokipeleka kindege mbele ni propela, injini kazi yake ni kuzungusha hiyo propela kwa kasi inayotakiwa bila kuungua, basi. Wengi wanaanza na injini manake ndo kitu kinachong'aa kwenye picha za dukani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- mzani wa jikoni wa digitali, ule wa kupimia unga, usome gramu moja moja
- rula au futi ya fundi cherehani
- kalkuleta ya simu
- wati mita, kale kakifaa unakaweka kati ya betri na ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) kanakusomea volti, ampia na wati. Sio ghali, na kama hela inatosha kifaa kimoja tu cha kupimia nunua hiki
- pasi ya kulehemu na risasi yake, kama mota yako itakuja na waya tupu
- daftari. Andika namba zote, usitegemee kichwa

Hatua kwa hatua

1. Pima uzito wa kindege chote

Chote maana yake chote: bodi, mabawa, serva (vimota vya kusogeza usukani), resiva (kinachopokea mawimbi ya rimoti), waya, betri, tairi kama zipo, hata gundi. Mota bado huna, sawa, weka gramu 100 kwa ajili ya mota, ESC na propela kwa kindege kidogo. Na kama betri pia bado huna, fanya hivi, pima mchele kwenye kamfuko ka plastiki gramu 150, kaweke pale betri itakapokaa. Faida yake sio uzito tu, utaona na balansi mapema, manake kindege cha kawaida kinatakiwa kibalansi kwenye robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kuanzia ukingo wa mbele. Kama pua inainuka na mchele umeusogeza mbele mpaka mwisho, hiyo ni habari njema kwako, maana yake unaweza kufunga mota nzito kidogo badala ya kubandika vipande vya risasi puani.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni kindege cha kujifunzia cha fomubodi, bawa juu, urefu wa mabawa kama mita 1.1, uzito jumla gramu 700. Ndo aina ambayo wengi wenu mnaanza nayo.

2. Amua umeme au mafuta

Kama kindege hakifiki kilo moja na nusu na ndo unaanza, funga umeme. Najua kuna raha ya moshi na mlio, mi mwenyewe naupenda ule mlio kuliko maelezo, lakini hebu fikiria maisha ya injini ndogo ya mafuta huku kwetu. Haiendi kwa petroli ya sheli. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na oili, saa nyingine mafuta ya nyonyo kabisa, pamoja na nitromethani asilimia 5 mpaka 15. Hayo mafuta yanahesabika mzigo wa hatari, huwezi kuyaweka kwenye begi ukapanda nayo ndege wala kuyaagiza kama unavyoagiza kava ya simu. Ukiyapata, methanoli inanyonya unyevu wa hewani, na kwa Dar, Tanga, Mombasa unyevu ndo nyumbani kwake, kopo ukiliacha wazi wiki moja injini inaanza kusumbua na hujui kwanini. Juu ya hapo unahitaji plagi, betri ya kuwashia plagi, pampu ya mafuta, tanki na mipira yake, na matambara, manake kindege kinarudi kimelowa oili kuanzia pua mpaka mkia na fomu ikilowa ndo basi tena.

Umeme unachomeka, unarusha, unarudi nyumbani. Betri za LiPo (za lithiamu, za kuchaji) nazo zina masharti yake kusafirishwa kwa ndege lakini zinapatikana zaidi, na siku ya kwanza ukiangusha (utaangusha) unavunja propela tu, injini ya mafuta ukiipiga chini kwenye mchanga lazima uifungue na kuisafisha kabla hujaiwasha tena.

Anayetaka mafuta asikate tamaa, nimemuwekea sehemu yake huko chini. Hatua zinazofuata ni za umeme.

3. Geuza uzito kuwa wati

Hapa ndo siri yenyewe. Kwa kila kilo moja ya kindege:

- cha kujifunzia, kinachoruka taratibu: wati 110 mpaka 160
- cha michezo, kinachopiga luupu (duara la wima hewani) bila kulia: wati 160 mpaka 220
- cha kunyanyuka wima na kuning'inia kwa pua: wati 300 na zaidi

Gramu 700 ni kilo 0.7. Mi huwa nawapa wanafunzi juu kidogo kwa sababu upepo wa jioni sio rafiki, chukua 180. 0.7 mara 180 ni 126, sema wati 130. Iandike.

4. Chagua betri, upate ampia

Kindege kidogo nenda na seli tatu, imeandikwa 3S, volti 11.1. Ukipiga resi zote hiyo volti inashuka mpaka 10.5 hivi, kwahiyo tumia 10.5 kwenye hesabu. 130 gawa kwa 10.5 unapata ampia 12 na kitu. Hiyo ndo mahitaji yako.

Ukubwa wa betri: 1500mAh inatosha. Ukiwa hewani hupigi resi zote muda wote, wastani ni kama ampia 6 au 7, na betri ya LiPo hutakiwi kuimaliza, unatumia asilimia 80 tu, kwahiyo ni kama dakika 10 za kuruka. Usikimbilie 3000mAh ati uruke nusu saa, uzito unaongezeka, unahitaji wati zaidi, unakula betri zaidi, unajikuta umerudi pale pale na kindege kizito kisichotua vizuri.

ANGALIZO: seli moja isishuke chini ya volti 3.0, ikijaa ni 4.2, ukiihifadhi iache kwenye 3.8. Chaji kwa chaja ya kubalansi, kaa karibu nayo, na betri iliyovimba usiionee huruma.

5. Propela

Namba mbili, mfano 9x4.7. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza kwenye kitu kama skrubu kwenye mbao. Kipenyo kikubwa na namba ya pili ndogo ni kama gia namba moja, nguvu ya kunyanyuka. Kipenyo kidogo na namba ya pili kubwa ni gia ya tano, kasi. Wa kujifunza anataka gia ya kwanza na ya pili.

Chukua kubwa kuliko zote inayoingia. Kama kindege kina tairi, simamisha kikiwa sawa, pima kutoka katikati ya mota mpaka chini, toa inchi moja ya usalama, zidisha mara mbili. Kama kinarushwa kwa mkono, angalia isiguse bodi wala kidole cha anayerusha. Kwa mfano wetu, 9x4.7 au 10x4.5 zote sawa.

6. Sasa ndo mota

Mota za siku hizi ni zile zisizo na brashi, ganda la nje ndo linazunguka. Jinsi ya kusoma: "2212 1000KV". 22 na 12 ni milimita, kipenyo na urefu wa koili za ndani, ila kuna viwanda vinapima ganda la nje, ndo maana mota mbili zenye namba moja zinaweza zisifanane kabisa ukizishika. KV sio nguvu!! KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina propela. 1000KV kwa volti 11.1 ni mizunguko 11,100, ukifunga propela inashuka kama robo.

KV kubwa inataka propela ndogo, KV ndogo inataka propela kubwa. Kwa betri ya 3S:

- 900 mpaka 1100KV, propela ya inchi 9 au 10
- 1300 mpaka 1500KV, propela ya inchi 8
- 2200KV, propela ya inchi 6

Kosa ninaloliona kuliko yote ni hili hapa, mtu anaona 2200KV anadhani ina nguvu mara mbili ya 1000KV, anaifunga na propela ya inchi 10 aliyonayo, anapiga resi, ndani ya sekunde chache anasikia harufu. Nilishashika mota ya namna hiyo uwanjani, vanishi ya koili imegeuka nyeusi, na mwenyewe alikuwa amekusanya hela miezi mitatu. Inauma.

Kujua kama mota inaweza kubeba wati zako usiangalie maneno ya tangazo, angalia gramu zake. Kwa hizi za ganda la nje, gramu moja ya mota ibebe wati 3. Unataka 130, kwahiyo mota isipungue gramu 44 hivi. 2212 ya kawaida ina gramu 50 na kitu, imepita. Ukikuta mtu anauza mota ya gramu 25 ameandika wati 200, mpe pole uendelee na safari.

Kwahiyo mfano wetu: 2212 ya 1000KV, 3S, propela 9x4.7 kwanza, 10x4.5 kama ukipima ampia zinaruhusu. Mseto huu unatoa msukumo wa gramu 700 mpaka 800 hivi, yani karibu sawa na uzito wa kindege chenyewe, na wa kujifunza hata nusu ya uzito ingemtosha kupaa. Kindege kikifika gramu 900 na zaidi, panda kwenye 2216 au inayofanana.

7. ESC

Chukua ampia zako, ongeza nusu yake, nunua inayofuata juu. 12 ongeza 6 ni 18, kwahiyo ESC ya 20 inatosha na ya 30 inakaa kwa amani zaidi, tofauti ya bei ni ndogo, chukua 30. Angalia na BEC yake, hiyo ndo inalisha resiva na serva. Nyingi za bei nafuu zinatoa volti 5 na ampia 2, serva nne ndogo za gramu 9 ni sawa, usirundike zaidi ya hapo.

8. Fikiria uko wapi

Hili halimo kwenye video nyingi kwa sababu wanaozitengeneza wengi wanakaa karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa kule ni nyepesi kwa kama asilimia 16 ukilinganisha na Dar au Mombasa. Propela ile ile kwa mizunguko ile ile inatoa msukumo pungufu kwa kiasi hicho hicho, na bawa nalo linabeba kidogo kwahiyo lazima uruke na kutua kwa kasi zaidi. Aliye Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Mbeya, aongeze wati asilimia 20 kwenye ile hesabu ya hatua ya 3. Habari nzuri ni kwamba hewa nyepesi inapunguza na ampia, mara nyingi unaweza kuongeza inchi moja ya propela bila mota kulalamika, ila pima, usibahatishe.

9. Funga, alafu pima kabla hujaruka

Ukuta wa kufungia mota uwe mbao nyembamba, sio fomu tupu. Mota itazame chini kidogo na kulia kidogo (kulia kwa aliyekaa ndani), nyuzi 2 au 3 kila upande, washa (vile vipete bapa vya boliti) mbili nyuma ya boliti zinatosha. Propela maandishi yatazame mbele, kuelekea kindege kinakokwenda.

Muda wote unapounganisha na kuseti rimoti PROPELA IWE IMETOLEWA. Narudia manake watu wanasoma wanaruka hapa. Mota ya umeme haina onyo, hailii kwanza kama ya mafuta, inaamka ghafla na propela ya inchi 9 inafika kwenye mfupa. Watoto wakae nyuma yako, na hakuna mtu kusimama ubavuni usawa wa propela.

Ukiwa tayari, funga propela, mtu akushikie kindege vizuri kwa nyuma, weka wati mita, resi zote sekunde 5 tu, soma. Ampia zikizidi namba ya mota au ESC punguza propela inchi moja. Alafu piga nusu resi kwa dakika mbili, zima, toa betri, shika mota. Kama unaweza kuishika na kuhesabu mpaka tano, iko vizuri. Kama unaachia hapo hapo, propela ni kubwa.

Na kabla ya kuruka popote uliza habari za kibali, mamlaka ya usafiri wa anga kwa Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na kaa mbali kabisa na viwanja vya ndege.

Kwa wa mafuta

Kindege cha kilo moja hivi funga injini ya 15 na propela 8x4. Kilo moja na nusu mpaka mbili, 25 na propela 9x5. Kilo 2 mpaka 3 ni 40 au 46, propela 10x6 au 11x5, na hii ya 40 na 46 ndo nakushauri kama ni ya kwanza, ni rahisi kuwaka na inasamehe. Hizo namba ni sehemu ya mia ya inchi ya ujazo, 40 ni cc 6.5 na 46 ni cc 7.5. Hizo zote ni za mapigo mawili, ukitaka ya mapigo manne zidisha ujazo mara moja na nusu. Za petroli kabisa zinaanza na cc 10 hivi na ni nzito, kwa kindege kidogo zisahau.

Injini mpya usiipige resi zote siku ya kwanza. Fungua sindano ya kabureta ipate mafuta mengi, itoe moshi na mlio mzito, iendeshe chini vipindi vifupi vifupi uiache ipoe katikati. Tanki likae usawa wa sindano au chini yake kidogo tu. Na mlioko milimani: hewa nyepesi inafanya mchanganyiko uwe na mafuta mengi kwahiyo utakaza sindano kidogo, sasa siku ukishuka nayo pwani FUNGUA sindano kabla hujawasha, la sivyo itakimbia kavu, itachemka na kukwaruza silinda.

Methanoli ni sumu na ikishika moto mchana moto wake hauonekani. Weka mbali na watoto, isikae kwenye chupa ya maji.

Shida zinazojirudia

Mota inatetemeka haizunguki: waya mmoja kati ya mitatu haujashika, rudia kulehemu. Usiendelee kupiga resi, utaua ESC.

Inazunguka kinyume: badilishana waya wowote wawili kati ya ile mitatu. Usigeuze waya za betri hata siku moja.

ESC inapiga bipu bipu tu na mota imekataa: mara nyingi kijiti cha resi hakijashuka chini kabisa. Kishushe, shusha na trimu yake (kale kaswichi ka marekebisho pembeni ya kijiti).

Inakata ikiwa hewani alafu inarudi: betri imechoka au ESC imechemka. Toboa tundu la kuingiza hewa mbele na la kutokea nyuma, la nyuma liwe kubwa zaidi.

Ukiongeza resi pua inapanda juu yenyewe: ongeza washa kwenye boliti za juu mpaka mota itazame chini zaidi. Ikivuta kushoto, washa kwenye boliti za kushoto.

Mlio mkubwa na bodi inatikisika: balansi propela. Ining'inize kwenye msumari mwembamba, upande unaoshuka bandika selotepu upande wa pili mpaka itulie.

Ya mafuta inazimika ukitoa waya wa plagi: plagi imekufa au mafuta ni mengi mno, badili plagi kwanza ndo ushike sindano.

Inakaa sailensa (ikiunguruma taratibu bila resi) vizuri ila ukiinua pua juu inazimika: inakosa mafuta. Fungua sindano robo mzunguko, na ikikataa bado kagua mpira wa ndani ya tanki, mara nyingi umekunjika au umetoboka katundu kadogo usikokaona mpaka uuzamishe kwenye maji na kupuliza.

Ukikwama kabisa nitumie vitu vinne: uzito kwa gramu, betri, propela, na namba uliyosoma kwenye wati mita. Ukinitumia picha peke yake nitakuuliza hivyo hivyo.